Kununua Chakula Ughaibuni Na Nyumbani: Nyama, Lebo Na Deni La Daftari



Himdi zote Anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), na Rehma na amani zimfikie Nabiy wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), aali zake na Maswahaba zake.

Amma ba'd. Ndugu zetu walioko Uingereza, Oman na kwengineko wanatuuliza mara kwa mara kuhusu wanachokikuta madukani huko: nyama, jibini, peremende za watoto, mashine za kujilipia mwenyewe. Jamaa zao waliobaki Unguja na Pemba nao wanatuuliza kuhusu kinachowafikia: fedha za masurufu, vifurushi vya zawadi, na deni la dukani ambalo aliyeko nje aliahidi kulilipa halijalipwa. Tulikuwa tunayajibu maswali haya moja moja. Tulipoyasoma kwa pamoja tuliona hayaachani, kwani namna mtu anavyonunua huko inaingia mpaka jikoni kwa mama yake huku. Ndiyo maana tumeyakusanya katika makala hii.

NYUMBANI UNANUNUA KWA MTU

Soko la Darajani lilijengwa mwaka 1904 na kila mtu wa mjini analijua. Lakini manunuzi mengi ya nyumba zetu hayafiki Darajani, wala Mwanakwerekwe, wala soko la Chake. Yanaishia duka la mtaani. Baba anaacha masurufu asubuhi, mtoto anatumwa: mchele nusu, sukari robo, mafuta ya kupimwa, tungule fungu moja, mbatata, ndimu tatu. Samaki anangojwa vyombo vikirudi. Anafunuliwa mashavu kutazamwa wekundu wake, na anayepika leo ananunua cha leo.

Bei husemwa, hushushwa, na wakishapatana mnunuzi huomba nyongeza. Nyongeza hii wapo wanaoiona ni ujanja wa akina mama wa sokoni, nayo ina asili katika Sunnah: Nabiy (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimwamrisha mwenye kupima apime na azidishe kidogo.

Muhimu zaidi ni kuwa muuzaji anajulikana. Mchinjaji anaswali msikiti ule ule. Mwenye duka anajua huyu ni mtoto wa nani, baba yake anafanya kazi wapi, mshahara unatoka lini. Kwa sababu hiyo wazee wetu hawakuwa na haja ya kuuliza nyama hii imechinjwa na nani, wala kusoma maandishi nyuma ya pakiti. Jamii ilikuwa imeshauliza kwa niaba yao.

UGHAIBUNI UNANUNUA KWA KARATASI

Familia ya Kizanzibari inapofika London au Leicester, kitu cha mwanzo kinachobadilika ni siku. Hakuna tena cha leo. Watu wanatoka kazini usiku, kwa hiyo hununua mara moja kwa wiki, toroli zima, katika maduka kama Tesco, Asda, Lidl au Aldi. Mzazi aliyezoea duka la mtaani lililo wazi mpaka saa nne za usiku hushangaa Jumapili jioni kukuta mlango umefungwa. Kwa sheria ya mwaka 1994, maduka makubwa ya England hufunguliwa saa sita tu siku hiyo. Bei imebandikwa na haishuki kwa maneno. Hakuna wa kumuomba nyongeza, na wakati mwengine hakuna hata wa kumpa fedha mkononi.

Toroli hilo halimalizi kazi. Muhogo, ndizi mbichi, bamia, nazi iliyokunwa na kugandishwa, gunia la mchele wa basmati, vyote hivyo vinafuatwa kwenye maduka ya Waasia. Mashariki ya London wengi huenda Green Street na soko la Queen's Market, Upton Park. Halafu kuna safari ya tatu, ya mchinjaji wa halali. Kwa hiyo mama ambaye Zanzibar alikuwa akimtuma mtoto hatua ishirini, sasa anazunguka sehemu tatu kwa basi katika baridi, na akirudi anapanga friza ya wiki nzima. Anayedhani maisha ya huko ni ya kubonyeza vitufe tu aizingatie safari hiyo.

Muscat ni hali nyengine. Kiswahili kinasikika baina ya rafu, nguru na jodari wa soko la Mutrah ni kama wa kwetu, na ada ya nchi ni halali. Hata hivyo baadhi ya maduka makubwa huko yana sehemu maalumu inayouza nyama ya nguruwe kwa wasio Waislamu, kwa hiyo hata Oman mtu asiweke kitu kwenye toroli kwa kudhani tu.

Jambo la tarehe tuliulizwa na dada mmoja aliyeona haya kununua vyakula vilivyopunguzwa bei jioni. Hakuna aibu wala karaha katika hilo. Uingereza lebo ina maneno mawili tofauti. 'Use by' ni tarehe ya usalama: ikipita, chakula hakiliwi hata kikinukia vizuri, na kukiuza ni kosa la kisheria. 'Best before' ni tarehe ya ubora tu: biskuti au mchele uliopita siku hiyo unaweza kuwa mzima kabisa. Katazo la kujidhuru linahusu la kwanza. La pili likitupwa bila ya sababu linaingia katika israfu, na hapa tuseme wazi kuwa friza kubwa imewafundisha wengi kutupa. Kwetu kiporo ni chai ya asubuhi. Huko wali wa Jumamosi unakutwa Ijumaa nyuma ya friji, na unakwenda jaani.

NYAMA

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote. Qur-aan, katika Suwrat Al-Maaidah, Aayah ya 5, imehalalisha chakula cha Ahlul-Kitaab, na baadhi ya ndugu wameichukua kuwa ni ruhusa ya kila kilichomo katika friji ya duka la kizungu. Haiko hivyo. Aayah ya 3 ya Suwrah hiyo hiyo imeharamisha mzoga na mnyama aliyekufa kwa kupigwa. Ahlul-Kitaab hawakuruhusiwa kwetu zaidi ya alichoruhusiwa Muislamu mwenyewe. Mnyama aliyekufa kwa pigo kabla ya kisu ni haramu, awe amepigwa na Mkristo au na Muislamu.

Uingereza sheria ya kawaida inataka mnyama atiwe ganzi kabla ya kuchinjwa, na imewatoa Waislamu na Mayahudi katika sharti hilo. Pamoja na ruhusa hiyo, wengi wa wanyama wanaochinjwa huko kwa jina la halali hutiwa ganzi kwanza. Ndipo palipotokea mihuri miwili mashuhuri. Halal Food Authority, iliyoanza mwaka 1994, inakubali ganzi ambayo haiui mnyama. Halal Monitoring Committee, iliyoanza mwaka 2003, haikubali ganzi kabisa na hutuma wakaguzi machinjioni na madukani.

Rai ya wengi katika wanachuoni wa zama hizi ni kuwa mnyama akiwa hai uhai uliothibiti wakati kisu kinapita, akachinjwa kwa kukatwa koo na mshipa wa chakula, basi ni halali hata kama alitiwa ganzi, ingawa kitendo chenyewe wengi wanakichukia. Tatizo ni kuku. Kuku ni mdogo, umeme ukizidi anakufa, na kwenye mstari wa maelfu si rahisi kumjua aliyekufa. Kwa hiyo anayechagua muhuri usiokubali ganzi, hasa kwa kuku, amejiepusha na shaka. Na anayekula wenye ganzi kwa kufuata rai ya wanachuoni asiitwe mla haramu mezani mwa watu. Tumesikia ndugu wawili wa tumbo moja hawaliani chakula kwa jambo hili, na tumesikitika.

Akikaribishwa kwa Muislamu mwenzake, mtu ale. Maswahaba walimuuliza Nabiy (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) kuhusu nyama iliyoletwa na watu wapya katika Uislamu, haijulikani kama wameitajia jina la Allaah. Aliwaambia walitaje wao kisha wale. Hakuwaambia wakafanye uchunguzi.

Wasomaji wetu wa visiwani wasidhani mlango huu unawahusu walioko nje tu. Kuku wa barafu wa katoni, wakiwemo wanaotoka Brazil, wako kwenye maduka na shughuli zetu. Huyo hatumjui aliyemchinja, na mwenye duka naye hamjui. Tunachokijua ni muhuri wa katoni. Basi katoni isomwe, na muuzaji anayefungua na kuuza mmoja mmoja aombwe aioneshe. Ukaguzi wa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar unahusu usalama wa chakula, na usalama ni jambo moja na uhalali ni jengine.

LEBO NA KIFURUSHI CHA ZAWADI

Peremende laini za kutafuna, aina fulani za mtindi, keki zenye krimu na baadhi ya vidonge vya vitamini vina jelatini. Ulaya nyingi yake hutokana na ngozi ya nguruwe, nyengine na ng'ombe ambaye hatujui kachinjwa vipi. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililo chini ya OIC liliamua katika kikao chake cha Amman, mwaka 1986, kuwa haijuzu kutumia katika vyakula jelatini iliyotolewa kwenye nguruwe, na kuwa ya mimea na ya wanyama waliochinjwa kisharia inatosha. Wapo wanachuoni wanaosema kitu kikigeuka dhati yake hukumu yake hugeuka. Sisi tunaona peremende si dharura ya kumfanya mtu aitafutie rukhsa.

Jibini huwa na kimeng'enya cha kugandisha maziwa, ambacho zamani kilitolewa kwenye tumbo la ndama. Imaam Abu Haniyfah amelegeza katika kimeng'enya cha mnyama asiyechinjwa kisharia, na Ash-Shaafi'iyyah, ambao ndio madhehebu ya wengi visiwani, wamekaza. Njia nyepesi ni kununua iliyoandikwa kuwa inafaa kwa wasiokula nyama, kwani hiyo hutumia kimeng'enya cha mimea au vijidudu. Lakini tahadhari: alama hiyo inaondoa nyama na jelatini, haiondoi ulevi. Keki iliyomiminiwa mvinyo inaweza kuwa nayo.

Kuhusu herufi E na namba zake, E120 ni rangi nyekundu itokanayo na wadudu, nayo wanachuoni wamekhitilafiana. E471 ni mafuta yanayoweza kuwa ya mimea au ya mnyama, ikabidi kuulizwa mtengenezaji. Orodha ndefu zinazozunguka WhatsApp zikiharamisha kila E ni za kupuuzwa. E330 ambayo wengine wameikimbia kama nguruwe ni asidi ya ndimu, na E300 ni vitamini C. Kuharamisha alichohalalisha Allaah si uchaMungu.

Sasa kifurushi. Kijana anakwenda likizo Pemba, usiku wa mwisho anakimbia dukani na kununua pakiti kumi za peremende na chokoleti za watoto wa mtaa, kwa haraka, bila ya kusoma, kwa sababu ni zawadi na hali yeye. Zinafika Wete, zinagaiwa, nusu zimeshaliwa, ndipo binamu anayesoma sekondari anaisoma lebo kwa sauti: 'pork gelatine'. Tumeulizwa kisa cha namna hii si mara moja. Jibu ni kuwa walichokula bila ya kujua hakina dhambi juu yao, wala hakuna haja ya kuwatapisha watoto. Kilichobaki kitupwe, kisiuzwe wala kisipelekwe kwa jirani. Aliyeleta aambiwe pembeni, asifedheheshwe mbele ya wageni, kwani alikusudia wema. Na mwaka ujao alete tende, au alete peremende zenye muhuri wa halali ambazo siku hizi zipo tele huko huko aliko.

Chokoleti za viwanja vya ndege zinataka jicho la ziada. Baadhi ya zilizomo kwenye maboksi mazuri zimejazwa pombe ndani, na jina lake huenda limeandikwa kwa herufi ndogo.

MASHINE YA KUJILIPIA

Kwa maneno machache: anayepima maembe akabonyeza picha ya vitunguu ili alipe kidogo amepunja mizani, na Suwrat Al-Mutwaffifiyn imefunguliwa kwa kumtishia mwenye kupunja. Anayesema mali ile ni ya makafiri na duka halitaumia, tunamjibu kuwa aliingia nchi ile kwa ahadi na amani, na mali ya waliompa amani ni haramu kwake. Aliyekwisha kufanya hivyo atubu na arejeshe thamani, hata kwa kulipia zaidi siku nyengine bila ya kujitaja.

Kadi ya benki inayokata fedha zake mwenyewe haina tatizo. Kadi ya mkopo yenye sharti la ziada akichelewa imejengwa juu ya riba, na kuitumia kwa kununulia mchele wa mwezi ni kuleta riba katika sufuria.

PAUNI NA SHILINGI

Aliyeko nje, mwaka wa mwanzo, huzidisha kila kitu kwa shilingi. Anashika nazi moja dukani London, anapiga hesabu, anairudisha. Aliyeko nyumbani naye anazidisha mshahara wa yule, anaona ni tajiri, kwani pauni moja imekuwa ikizidi shilingi 3,000. Hesabu zote mbili zina kasoro. Mshahara wa pauni unaliwa kwa pauni: kodi ya nyumba, nauli, umeme wa kupasha nyumba moto. Na shilingi za Zanzibar zinanunua kwa bei ya Zanzibar, ambayo Ramadhwaan hupanda, na anayetuma kiwango kile kile cha miaka mitano nyuma asishangae hakitoshi.

Tumeyataja haya kwa sababu ndiyo yanayozaa ugomvi tunaoufikia sasa.

DENI LA DAFTARI

Duka la mtaani lina daftari. Mama anachukua mchele, sukari, sabuni, inaandikwa. Zamani ililipwa mshahara wa baba ukitoka. Siku hizi katika nyumba nyingi inalipwa mtoto akituma. Akichelewa mwezi, miwili, mitatu, daftari linajaa, na mwenye duka, ambaye mtaji wake wenyewe ni mdogo na bidhaa zake kachukua kwa jumla, ndiye anayebeba. Swali tunaloletewa na pande zote tatu ni moja: deni hili ni la nani?

Inategemea maneno yaliyosemwa, na ndiyo maana tunasisitiza yasemwe wazi.

Mama akisema tu, "Niandikie, mwanangu atatuma," deni ni la mama. Mwana hakuahidi kitu kwa mwenye duka, na mama ndiye mnunuzi.

Mwana akipiga simu akamwambia mwenye duka, "Deni lililoko la mama nitalilipa mimi," hii ni dhamana ya deni lililothibiti, na wanachuoni wamekubaliana kuwa inasihi. Mwenye duka ana haki ya kumdai yeyote kati ya wawili hao. Asili yake ni mashuhuri: aliletwa maiti mbele ya Nabiy (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akiwa na deni, dinari mbili katika riwaya moja na tatu katika nyengine, na hakutaka kumswalia mwenyewe mpaka Abu Qataadah (Radhwiya Allaahu 'anhu) alipolichukua deni lile. Na akawa akimuuliza baadaye kama ameshalilipa.

Mwana akisema, "Mpe mama chochote atakachotaka, mimi nitalipa," hapa kuna khitilafu. Deni bado halijakuwepo. Katika kauli inayotegemewa ya madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy dhamana ya deni ambalo halijathibiti haisihi, na jamhuri ya wanachuoni wameiona inasihi. Tunamuomba kijana aliyesoma jambo hili asilitumie kama kichaka cha kujificha. Mwenye duka alitoa mali yake kwa kuamini neno lake, na kuvunja ahadi ni miongoni mwa sifa za wanafiki.

Na akisema, "Niandikie mimi, mama atapokea," basi yeye ndiye mnunuzi, mama ni wakala wake, na deni ni lake bila ya utata. Hili ndilo tunalolipendekeza. Daftari liandikwe jina la mwana, kila siku kwa bei ya siku ile, na mwisho wa mwezi mwenye duka apige picha ukurasa na kuutuma. Allaah Ameamrisha katika Aayah ya 282 ya Suwrat Al-Baqarah deni liandikwe, na tukisema hivi watu hudhani ni kutoaminiana. Tumeona ndugu wengi walioaminiana ambao leo hawasalimiani, na karibu wote hawakuandika.

Bei ya daftari kuwa juu kuliko ya taslimu si riba, ikiwa imepatanwa mtu anapochukua kitu. Wengi wa wanachuoni wa madhehebu manne wamelijuzisha hili. Riba inakuja mwezi ukipita na mwenye duka akasema deni la 80,000 sasa ni 90,000 kwa kuwa umechelewa. Hilo haliruhusiki hata kama mdaiwa amekubali. Mikopo ya simu inayorudishwa kwa ziada ina hukumu hiyo hiyo, na mama asikope huko ili kupunguza daftari. Atakuwa ametoka kwenye deni safi na kuingia kwenye deni chafu.

Mwana lazima ajue pia kuwa chakula cha wazazi wake wakiwa hawana kitu, naye ana uwezo, ni wajibu juu yake. Si hisani ya kukumbushwa katika kila simu. Na kama wako ndugu kadhaa wenye uwezo, wajibu ni wao wote, haumwangukii aliyepanda ndege peke yake. Tunaandika hili kwa sababu dada mmoja alitueleza kuwa anafanya kazi mbili Uingereza, kaka zake watatu wako Unguja na kazi zao, na masurufu ya nyumba yao yote yamewekwa juu yake.

Anayepokea fedha ni mwenye amana. Kaka aliyetumiwa fedha za chakula cha mama akazipeleka kwenye tofali za nyumba yake, hata kwa nia ya kurudisha, amekhini uwakala, na anazo katika dhima yake mpaka azirudishe au mtumaji amsamehe. Siku hizi simu imerahisisha: fedha zinaweza kwenda kwa mama mwenyewe, au moja kwa moja kwa mwenye duka, na ujumbe wa muamala ukawa ndio risiti.

Mama akifariki na daftari lina deni lake, linalipwa kutokana na alichokiacha kabla ya mirathi kugawiwa. Warithi wasianze na vyombo na dhahabu. Mwenye duka asione haya kuja na daftari lake baada ya maziko. Ni haki yake, na kumsikiliza ni kumsaidia maiti.

Na tumeulizwa na mwenye duka mmoja wa Pemba afanye nini na mzee ambaye mtoto wake amekatika kabisa, hapigi wala hatumi, na mzee hana. Akiwa kweli hana, kumsubiri ni wajibu kwa Aayah ya 280 ya Suwrat Al-Baqarah, na kumsamehe ni sadaka iliyo bora kwake. Lakini deni hilo asilihesabu kuwa ni Zakaah aliyoitoa, kwa kauli ya wengi katika wanachuoni, kwa sababu Zakaah ni kutoa, na kufuta deni si kutoa. Akitaka, ampe mzee Zakaah yake mkononi bila ya sharti lolote. Mzee akiitumia kulipia daftari kwa hiari yake, hakuna tatizo. Akienda nayo kununua samaki, pia ni haki yake.

Wa-Allaahu A'lam.